Ufunguo Uko kwa Nani?

Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapa, kama ilivyo desturi, kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.



Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikipokea maswali ya aina moja. Wengine wanaandika kwa simu, wengine wanapiga wakati wa kipindi cha asubuhi, na wachache, Mungu awabariki, bado wanaleta barua za mkono pale mapokezi. Wote wanauliza juu ya sarafu za mtandaoni: Bitcoin, USDT, na nyingine ambazo majina yake yanabadilika kila mwezi. Je, ni mali? Ni kamari? Au ni utapeli mtupu?

Barua moja ndiyo iliyonifanya niamue tulizungumze jambo hili leo. Imetoka kwa mama mmoja wa Kariakoo anayeuza vitenge. Anasema mwezi ujao kikoba chao kinavunjwa na yeye atapata shilingi milioni 3 na laki 2. Mtoto wa kaka yake, kijana aliyemaliza chuo na ambaye kwa maneno ya mama huyo "hana tabia mbaya", amemwambia: shangazi, fedha hiyo usiilaze, nipe niiweke kwenye Bitcoin, kuna kampuni inatoa asilimia moja kila siku. Mama anauliza, nimpe au nisimpe?

Nitamjibu. Lakini ndani ya swali lake mna vitu viwili vilivyofungwa katika furushi moja. Bitcoin ni kitu kimoja. Kampuni inayotoa asilimia moja kila siku ni kitu kingine kabisa. Matapeli wanaishi mahali hapo hapo ambapo watu wanashindwa kuvitenganisha, kwa hiyo kazi yetu ya kwanza jioni ya leo ni kulifungua furushi hilo.

Bitcoin ilianza Januari 2009, miezi michache baada ya mtu, au kikundi cha watu, waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto kutoa maelezo ya jinsi itakavyofanya kazi. Maneno ya kitaalamu tuyaache. Wewe chukulia kwamba ni daftari. Ni kama daftari la kikoba, linaloonyesha nani kaweka na nani katoa, ila badala ya majina kuna namba, na badala ya daftari kukaa kwa katibu mmoja, nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani ambazo zinakaguana mchana na usiku. Katibu mwizi hawezi kufuta mstari mmoja gizani, kwa sababu makatibu wenzake maelfu wanayo nakala. Tena imewekwa kanuni kwamba sarafu hizo hazitazidi milioni 21. Huo ndio uhodari wake, na mimi siubezi.

Lakini hapo hapo penye uhodari ndipo penye hatari. Daftari ambalo hakuna awezaye kulifuta, pia hakuna awezaye kukusahihishia. Leo ukituma fedha kwa simu ukakosea namba, unapiga huduma kwa wateja, unalia kidogo, na mara nyingine fedha inarudi. Benki ikikukosea unakwenda dirishani, unamwona meneja, ukishindwa kwa meneja unapanda ngazi. Kwenye Bitcoin hakuna dirisha. Hakuna meneja. Ukituma kwa mtu asiye, imekwenda. Ukidanganywa ukatuma mwenyewe kwa mkono wako, imekwenda vile vile. Wewe ndiye benki, wewe ndiye keshia, na wewe ndiye mlinzi wa usiku. Watu wengi wanapoingia wanafikiria ile kazi ya meneja tu.

Sasa tuje kwenye asilimia moja kwa siku. Tafadhali chukua kalamu. Shilingi milioni moja ikizaa asilimia moja kila siku, na faida ikaachwa izae nayo, baada ya siku 365 inakuwa zaidi ya shilingi milioni 37 na laki 7. Mwaka wa pili ukiisha ni shilingi bilioni 1 na milioni 400 na ushei. Mwaka wa tatu ni zaidi ya shilingi bilioni 53. Nilipiga hesabu hii mara mbili kwa kikokotoo, na mara ya tatu nikampelekea mhasibu wa hapa kituoni anihakikishie. Akacheka.

Hebu tujiulize. Mtu mwenye mashine ya namna hiyo anamfuata muuza vitenge wa Kariakoo kutafuta nini? Si angekopa laki moja kwa jirani, akajifungia ndani miaka mitano, akatoka akainunua benki nzima? Benki zetu, ambazo riba zake tunazilalamikia kila siku, zinamtoza mkopaji kwa mwaka mzima kile ambacho kijana huyu ameahidiwa kwa wiki mbili au tatu. Fedha hiyo inatoka wapi?

Inatoka kwa shangazi wa mtu mwingine. Aliyeingia Januari analipwa kwa fedha ya aliyeingia Machi, wa Machi kwa fedha ya wa Juni, na wa mwisho analipwa kwa maneno matupu. Kwa Kiswahili chetu tunauita upatu, ingawa ninawaomba radhi akina mama wa mtaani, kwa sababu upatu wao, ambao kila mmoja anaijua zamu yake na nyumba ya mwenzake, hauna ubaya wowote. Ninaouzungumzia ni ule ambao zamu haina mwisho na mwenye daftari hana nyumba.

Walio na umri wangu watakumbuka DECI. Ilikuwa mwaka 2009 Serikali ilipoingilia kati. Watu hawakuambiwa wanacheza upatu. Waliambiwa wanapanda mbegu, na baada ya muda watavuna. Maneno mazuri, ya shambani na ya kanisani, na mtu aliyeyasikia hakuona haya kwenda kuuza bati la nyumba apate mbegu. Ninalotaka mlione ni hili: wakati ule hapakuwa na Bitcoin mitaani kwetu, na utapeli ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni nguo. Jana ilikuwa mbegu, leo ni sarafu ya mtandaoni, na kesho, nadhani tumekwisha kuanza kuiona, itakuwa kompyuta yenye akili inayofanya biashara wewe ukiwa umelala.

Nguo hiyo ilivaliwa vizuri kuliko zote na OneCoin. Mwanamke mmoja anayeitwa Ruja Ignatova aliianzisha mwaka 2014 huko Bulgaria, akaitangaza kuwa ndiyo itakayoishinda Bitcoin. Juni 2016 alisimama jukwaani katika ukumbi wa Wembley Arena, London, mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wakimshangilia. Watu waliuziwa vifurushi vya masomo, wakahesabiwa sarafu ndani ya akaunti zao, wakaziona zikipanda bei kila wiki. Ila daftari lile nililolieleza, lenye nakala duniani kote, halikuwapo. Namba zilizokuwa zikipanda ziliandikwa na wenye kampuni wenyewe. Ilifika mpaka kwa majirani zetu wa Uganda, na Februari 2017 Benki Kuu ya nchi hiyo ikalazimika kuwatangazia wananchi wajihadhari nayo. Oktoba mwaka huo huo Bi Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na hajaonekana hadharani tena. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema zaidi ya dola bilioni 4 zilichukuliwa. Mwaka 2022 shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, lilimtia katika orodha yake ya watu 10 wanaotafutwa zaidi, na mwaka 2024 zawadi ya atakayesaidia akamatwe ikapandishwa hadi dola milioni 5.

Msikilizaji mmoja atasema, lakini mimi jirani yangu alilipwa, nilimwona kwa macho yangu akitoa fedha. Naam, alilipwa. Kulipwa kwa jirani yako ndilo tangazo lao la biashara, na ni bei nafuu kuliko tangazo la gazetini. Usipime kwa siku ya kuingiza wala kwa siku ya kulipwa kidogo kidogo. Pima kwa siku ya kutaka kutoa zote. Aprili 2025 kule Nigeria, watu waliokuwa wameweka fedha katika mradi ulioitwa CBEX waliamka wakakuta hawawezi kutoa. Wakaambiwa, ili akaunti zihakikiwe, kila mmoja aongeze kwanza dola 100 au 200. Wapo walioongeza. Katika mji wa Ibadan wenye hasira walivamia ofisi ya mradi huo wakabeba samani, na nadhani wale waliobeba viti ndio waliopata chochote siku ile. Basi ukiambiwa ulipe ndipo utoe fedha yako mwenyewe, iwe wameita kodi, ada ya uhakiki au dhamana, jua kwamba fedha yako imekwisha kuondoka na sasa wanaitafuta nyingine.

Ninapenda niseme neno juu ya yule kijana. Simlaumu, na ningemwomba shangazi yake asimfukuze. Tapeli wa siku hizi hamwendei muuza vitenge, kwa sababu muuza vitenge amezoea kudanganywa sokoni na macho yake ni makali. Anamwendea mtoto wa kaka, anamlipa kidogo, anamtia ndani ya kundi la WhatsApp au Telegram lenye watu 300 wanaopongezana asubuhi na jioni, ambao wengine ni mtu mmoja mwenye simu nyingi. Kijana anaamini kwa moyo safi. Halafu kijana ndiye anayekwenda kwa shangazi, na sura ya ukoo haiwezi kukataliwa kama sura ya mgeni.

Wala usiseme umeisikia ikitangazwa redioni. Mimi hapa ndipo ninapokula ugali wangu, na nawaambia bila kificho: tangazo kupita redioni ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba mwenye tangazo alilipia. Na sura ya mtu mashuhuri ni ushahidi mdogo zaidi. Julai 2020 wahuni walivamia akaunti za watu wakubwa katika mtandao wa Twitter, ambao siku hizi unaitwa X. Katika akaunti za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk ukaandikwa ujumbe unaofanana: nitumie Bitcoin, nami nitakurudishia mara mbili. Kwa saa chache tu walikusanya zaidi ya dola 100,000. Sisi tulioletewa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaweza kujivuna kwamba wetu ni werevu zaidi, wao angalau hawaahidi kurudisha. Siku hizi hata haihitajiki kuvamia akaunti. Kompyuta inatengeneza video ya kiongozi akisema kwa sauti yake mwenyewe maneno ambayo hajawahi kuyasema.

Sasa tuiache kampuni ya asilimia moja. Tuseme mtu anataka sarafu yenyewe, Bitcoin halisi, kwa fedha yake halali na akili yake timamu. Chuoni tulipokuwa tukisomea uandishi tulifundishwa maswali: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Katika jambo hili swali la kwanza ni nani. Nani ameshika ufunguo?

Sarafu hizi hazikai ndani ya simu yako. Zimeandikwa katika lile daftari, na anayeweza kuzihamisha ni yule mwenye ufunguo wa siri, ambao kwa kawaida huandikwa kwa maneno 12 au 24 ya kawaida yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali. Si mwenye simu, si mwenye jina, ni mwenye maneno. Wengi wa wanaoanza hawana maneno yoyote, kwa sababu wamenunua katika soko la mtandaoni na wameziacha humo humo. Ufunguo ni wa mwenye soko. Wao wana ahadi tu.

Ahadi hiyo inaweza kuwa nzuri miaka mingi, halafu siku moja isiwe kitu. Soko la Mt. Gox la Tokyo, Japani, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote duniani. Februari 2014 lilifungwa, na Bitcoin zipatazo 850,000 zikasemekana hazipo, ingawa baadaye zilionekana kama 200,000. Wadai walianza kurudishiwa sehemu ya mali yao Julai 2024. Miaka 10, ndugu msikilizaji. Mtoto aliyezaliwa siku lilipofungwa alikuwa darasani akijifunza kugawanya. Halafu likaja soko la FTX la Sam Bankman-Fried, kijana aliyekuwa akipigwa picha na wakubwa, jina la kampuni yake likiwa limeandikwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa Miami. Novemba 2022 likaanguka kwa siku chache tu, pengo la dola kama bilioni 8 za wateja likaonekana, na Machi 2024 mwenyewe akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Hawa hawakuwa OneCoin. Sarafu zilikuwa za kweli, daftari lilikuwa la kweli. Ufunguo ndio uliokuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Basi nishike mwenyewe? Ndiyo, kama fedha ni ya kukaa muda mrefu, lakini uwe umejiandaa kweli. Mjini Newport, huko Wales, mtu mmoja alitupa takatakani kifaa cha kompyuta mwaka 2013 kikiwa na ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000. Amehangaika miaka mingi akiomba ruhusa ya kuchimba jalala la mji, na Januari 2025 hakimu aliitupilia mbali kesi yake. Kwa hiyo maneno yale 12 yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, yahakikishe mara mbili, na uyaweke sehemu mbili zisizoweza kuungua moto mmoja. Usiyapige picha, maana picha za simu huruka zenyewe kwenda kuhifadhiwa mtandaoni. Usijitumie kwa WhatsApp. Na usimwambie mtu yeyote anayejiita huduma kwa wateja. Hakuna huduma ya kweli inayohitaji maneno hayo, kama vile hakuna wakala wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Akiyaomba, mazungumzo yamekwisha, kata simu.

Simu yenyewe pia ni mlango. Tapeli anaweza kwenda mahali akadai laini yako imepotea, akapewa kadi mpya yenye namba yako, na ujumbe wote wa kuthibitisha ukaenda kwake. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati wa jirani inasoma vizuri, usikae ukisubiri, kimbia kwa wenye mtandao wako siku hiyo hiyo. Katika akaunti ya soko la sarafu usitegemee ujumbe mfupi peke yake, tumia ile programu ya simu inayotoa tarakimu mpya kila nusu dakika. Na mara moja moja piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Wengi wetu hapa mjini tunanunua sarafu mtu kwa mtu, hasa USDT, ambayo kila moja imekusudiwa kuwa na thamani ya dola moja. Mnakutana mtandaoni, wewe unatuma shilingi kwa simu, yeye anaachia sarafu, au kinyume chake. Hapa ndipo wezi wadogo wadogo walipojaa, na mbinu zao ni za kwetu kabisa. Unauza, unapokea ujumbe kwamba fedha imeingia, unaachia sarafu, kumbe ujumbe aliuandika mwenyewe. Usiusome ujumbe, angalia salio. Au fedha inaingia kweli, lakini kwa jina la mtu mwingine ambaye hukuzungumza naye. Ikatae. Inawezekana huyo naye ameambiwa "tuma kwenye namba hii", na polisi wakifuatilia watakuta fedha yake kwako na jina lako likiwa limesajiliwa vizuri. Akikushawishi mtoke nje ya soko mmalizane pembeni ili muokoe ada, anakuokoa wewe kutoka katika ulinzi pekee uliokuwa nao. Na kukutana na mtu usiyemjua ukiwa na bahasha ya fedha mfukoni sihitaji kukueleza, wewe ni mtu wa mjini.

Unapotuma, anwani ya pochi ni mlolongo wa herufi na tarakimu kama 40 hivi. Usiuandike kwa mkono, nakili, kisha soma mwanzo, katikati na mwisho, kwa sababu ziko programu chafu zinazobadilisha anwani uliyonakili kabla hujaibandika. Tena usinakili kutoka katika orodha ya miamala ya zamani. Wapo wanaokutumia senti kutoka anwani inayofanana na ya rafiki yako mwanzo na mwisho, wakisubiri siku utakapokosea. USDT nayo husafiri kwa barabara zaidi ya moja. Ya Tron ina anwani inayoanza na herufi T, ya Ethereum inaanza na 0x. Muulize anayepokea anatumia barabara ipi. Halafu tuma kidogo kwanza, thamani ya soda, subiri athibitishe, ndipo utume iliyobaki. Ada utalipa mara mbili. Lipa.

Nami niseme juu ya wale waliokwisha kuibiwa, kwa sababu najua wanasikiliza. Ndani ya siku chache atakutokea mtu, pengine mwenye picha ya suti au cheo cha upelelezi, akisema anaweza kuirudisha fedha yako kwa ada ndogo. Huyo mara nyingi ni yule yule, au ameuziwa namba yako na yule yule. Nenda polisi, nenda na namba za miamala na mazungumzo yote bila kufuta, hata yale yanayokutia aibu. Ujumbe wa kitapeli unaweza pia kuupeleka kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Je, sheria inasemaje? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatangazia wananchi kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini na ikawatahadharisha wasijiingize. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo ya dunia. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaoshangilia kwamba kutozwa kodi ni kutambuliwa. Mimi naona kutozwa kodi si kulindwa. Fedha yako iliyo benki ina mfuko wa bima ya amana nyuma yake, hata kama una kikomo. Iliyo katika soko la sarafu lililosajiliwa kisiwa ambacho hukijui haina.

Sasa mama yetu wa Kariakoo. Kampuni ya asilimia moja kwa siku, jibu langu ni hapana, usimpe hata shilingi elfu kumi ya kujaribia, kwa sababu hiyo elfu kumi watakurudishia na elfu kumi na moja, nawe utaamini. Juu ya Bitcoin yenyewe nakupa hesabu, uamue mwenyewe. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama dola 16,000. Mtu aliyeingia kileleni na milioni 3 na laki 2 alibaki na kama laki 7 na nusu. Desemba 2024 ilivuka dola 100,000, kwa hiyo aliyeweza kungoja miaka mitatu hakupata hasara. Je, mtaji wa vitenge unaweza kungoja miaka mitatu? Mzigo wa sikukuu unangoja? Ada ya shule ya Januari? Fedha yenye tarehe juu yake haiendi huko. Kama baada ya mzigo na ada kinabaki kitu ambacho kikipotea chote utalala usingizi, hicho kinaweza kwenda, na anayekishika awe wewe kwa karatasi yako, si kijana kwa simu yake.

Kijana naye mpe kazi. Mwambie aiombe kampuni yake imrudishie fedha yake yote, mtaji na faida, kesho asubuhi, na akuletee shilingi taslimu mezani. Asikuletee picha ya skrini.

Nilikuwa nimesahau swali la mzee mmoja wa Temeke, fundi saa mstaafu, aliyeuliza nini kinatokea mwenye sarafu akifa. Mzee wangu, hakuna kinachotokea. Zinabaki katika daftari milele na hakuna mirathi wala mahakama inayoweza kuzitoa bila yale maneno. Kwa hiyo kama unazo, mtu mmoja unayemwamini ajue kwamba ipo karatasi, na ajue ilipo. Si lazima ajue ilichoandikwa. Bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa pamoja na hati ya kiwanja inatosha, na umweleze mwanao kwamba ile orodha ya maneno isiyo na maana siku atakayoikuta, asiitupe pamoja na magazeti ya zamani.

Jioni njema.